Kibaba Nilichokifuta kwa Rula

Jumamosi, Bunda. Mawingu yametanda tangu asubuhi. Mvua hainyeshi wala haiondoki. Na mimi ni hivyohivyo. Nakaa, nasimama, nachemsha chai, naisahau.

Kisa ni kichwa cha habari. Nimechora chati ya hesabu ya darasa la tano: shubiri, dhiraa, pima, kibaba, pishi, debe. Jumatatu iwe ukutani. Juu niandike nini? Mwalimu mkuu anataka "Vipimo Visivyo Rasmi". Mwenzangu wa sayansi anasema "vya Kienyeji", tena anacheka. "Vya Jadi"? Jamani, asubuhi hiihii nimenunua dagaa sokoni kwa kisado!

Ukweli ni kwamba sina ugomvi nao. Nina ugomvi na nafsi yangu ya miaka kumi na moja.

Ilikuwa miaka ya foleni, mwanzoni mwa themanini. Unga wa njano ndio ulikuwa chakula, na wenyewe kuupata ni kazi. Kibaba chetu kilikuwa kopo la maziwa. Jirani akija kuomba unga, unampimia kwa tele, kilima juu mpaka unamwagika. Siku akijaliwa, naye anakupimia kwa tele. Kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, kilikuwa cha mtu baki.

Siku hiyo Mama alikuwa ameenda Kisorya kufuata samaki. Akaja Mama Bhoke, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na mtoto mchanga mgongoni. Shuleni tulikuwa tumeambiwa kipimo halali ni kilichosawazishwa, mengine ni ushamba. Nikachukua rula yangu, nikafuta kilima chote kikarudi kwenye ndoo yetu. Kwa maringo!

Akaitazama rula, akalitazama kopo. "Asante, mwanangu," akasema, akaondoka.

Mama aliporudi alishika kiuno. "Umemfutia? Mama Bhoke amekuwa mtu baki lini?" Akakimbia na kopo la tele. Likakataliwa. Mama Bhoke hakuja tena kwetu, hata kuomba chumvi.

Niliona aibu. Bado naona.

Mchana huu nimemuuliza Mama, ambaye sasa haoni vizuri, wao walikuwa wanaviitaje vibaba na pishi.

"Tulikuwa tunaviitaga vipimo. Kwani ni nini?" Kisha, bila kuulizwa: "Mama Bhoke yuko Mugeta kwa binti yake. Anaumwa miguu."

Basi nimeandika VIPIMO. Atakayeuliza aniulize mimi.

Nilidhani nikishaandika nitatulia. Wapi! Kesho baada ya ibada nakwenda Mugeta na mfuko wa unga na lile kopo, ambalo Mama hajalitupa mpaka leo. Nitampimia mbele ya macho yake, kwa mkono, mpaka umwagike.

Akinigombeza nitashukuru. Naogopa asije akaniambia tena, "Asante, mwanangu."