Mkanda Ambao Elia Hakuufunga

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumatatu, na hapa Moshono manyunyu yanagonga bati tangu alfajiri. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema umebakiwa na muda gani, nami sikumuuliza.

Nimeandika katika blogu hii kwa miaka mingi. Nimeandika kuhusu migomba yangu, wanafunzi wangu, na mke wangu alipofariki. Jambo moja sijawahi kuliandika.

Jana mjukuu wangu Neema aliniletea mtindi. Alikuwa na furaha. Jumamosi anakwenda na wafanyakazi wenzake kuendesha bagi, yale magari madogo ya wazi yenye viti viwili sambamba na fremu ya vyuma juu, kwenye miteremko ya Meru. Ni mara yake ya kwanza. Nilimwambia awe mwangalifu. Akacheka.

"Babu, acha hizo. Babu Elia aliponzwa na uzembe wa yule dada. Hawa wa sasa wako makini."

Yule dada. Maneno hayo aliyatoa kwangu.

Elia alikuwa mdogo wangu. Siku ya kipaimara cha Neema, baada ya ibada na pilau, tulishawishiwa kwenda kujaribu magari hayo. Tulikwenda na suti zetu. Mwelekezaji alikuwa Naserian, niliyemfundisha fizikia sekondari. Aliponiona aliinama kidogo, "Shikamoo, Mwalimu," na kuanzia hapo hakuweza tena kuniamuru.

Alijaribu. Alisema mkanda ufungwe mpaka ubane, helmeti ivaliwe, mikono na miguu ibaki ndani hata gari likipinduka. Anayeanza aende polepole, apande na kushuka kilima kwa kunyoosha, asikate mteremko kwa ubavu. Yote aliyasema, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Elia alikuwa tayari ameushika mkanda. Ulikuwa na tope, na suti yake ilikuwa mpya.

"Achana nao," nilimwambia. "Tunazunguka hapo tu."

Naserian akasogea. "Mwalimu, samahani, lakini mkanda..."

"Binti, kitovu cha uzito nimekufundisha mimi. Leo unanifundisha?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akainamisha macho, akarudi nyuma. "Twende, bwana," Elia akasema, "kabla pilau haijashuka!"

Suti yangu ilikuwa ya zamani. Mimi wangu niliufunga.

Usukani nilikuwa nao mimi. Mbele kidogo niliona njia ya kurudi iliyokuwa fupi zaidi, ikikata mteremko. Nikaifuata. Tairi za upande wa juu zilinyanyuka taratibu sana, nikapata hata muda wa kujua kinachotokea na kwa nini. Elia alitoa mkono nje ili aizuie ardhi, kama mtu yeyote angefanya. Gari lilipolala, mwili wake ulikuwa nusu nje, na fremu ikamwangukia. Hakufika hospitali akiwa hai.

Mimi nilichubuka bega.

Polisi waliponiuliza, pale ofisini kwa wenye magari, nilisema hatukuelekezwa chochote. Niliandika hivyo, nikasaini. Naserian alikuwa amesimama mlangoni na helmeti zetu mbili mkononi, na hakunipinga. Angempinga vipi mwalimu wake, mzee mwenye msiba? Alifukuzwa kazi. Siku hizi anauza vitenge Kijenge. Nimemwona mara kadhaa, na kila mara nimevuka barabara.

Familia yangu yote inaamini nilichosema. Hilo ndilo linalonitisha leo kuliko moyo wangu. Neema anakwenda mlimani akidhani hatari ni mwelekezaji mbaya. Hajui kwamba hatari ilikuwa babu yake, aliyeelekezwa vizuri akaona aibu kutii.

Asubuhi nilimtumia Neema haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Nilichagua kuandika kwa sababu ningeanza kusema angenituliza, angeniambia nisijichoshe. Amesoma. Hajajibu.

Kisha nilitafuta namba ya Naserian katika kundi la wanafunzi wangu wa zamani, nikapiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayatamani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

Kwa sauti ileile.

Nilishika simu nikisikia watu wakipatana bei dukani kwake, naye akiita, "Mwalimu? Mwalimu, unanisikia?" Nikakata.

Sasa ni saa kumi. Manyunyu hayajakoma. Kesho nikiamka nitampigia tena, na nitaomba radhi kabla hajapata nafasi ya kuniamkia. Nikipewa msamaha au nisipopewa, nitamwomba pia ampigie Neema kabla ya Jumamosi. Amwambie habari ya mkanda. Amwambie kwa ukali.