Sululu Hajui Kuhesabu Watu

Bonde la Tees, Uingereza, 9 Mei 1983

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na kondoo wamemaliza kuzaa? Mimi mzima, ingawa mvua ya huku haina adabu hata kidogo.

Najua umeninunia tangu niache ualimu nizunguke na kamera. Sawa. Lakini nina shida, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Malishoni kwa Mama Raine, aliyenipa mahali pa kupiga hema, nimepata kiota cha sululu, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kuna mchapishaji kule York ambaye akiipata picha ya sululu akiatamia, kitabu changu atakitoa. Asipoipata, basi, narudi darasani. Na mayai yako karibu kuanguliwa.

Kibanda changu cha turubai, cha kujifichia, kimesimama tayari. Tatizo, sululu akikuona umeingia humo, harudi ng'o! Dawa yake wapiga picha tunaijua: mnaingia wawili, mmoja anatoka na kwenda zake waziwazi, moja kwa moja. Ndege hajui kuhesabu. Akiona mtu kaondoka, anajua pako salama. Mama Raine ndiye aliyekuwa akinisindikiza, na juzi kateguka mguu.

Njoo, baba. Kazi yako ni kuondoka tu.

Binti yako,
Hazel

Bonde la Swale, 13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, na kondoo ni wale wale.

Sijanuna. Nimenyamaza, na hayo ni mambo mawili.

Yaani niwaache kondoo, nibadilishe mabasi, nifike huko, halafu niondoke? Mtu mzima na akili zangu! Mama yako, Mungu amrehemu, angecheka mpaka akae chini. Umetupa kazi yenye pensheni kwa ajili ya ndege ambaye hapa kwangu ananipigia kelele kila alfajiri, tena bure. Tafuta mtu mwingine.

Baba yako

Basi la kuja huko kwenu Middleton linafika saa ngapi? Nauliza tu.

Bonde la Tees, 24 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na suti yako ya kanisani imekauka.

Mimi bado nina hasira, nakuambia wazi. Kuja na mbwa kwenye kiota nilikusamehe, maana Mama Raine alimfungia jikoni. Kibandani ulikaa kimya, ukanishikia chupa ya chai, nikasema moyoni, lo, baba kawa mtu wa ndege! Ukatoka, ukaenda vizuri, sululu akaanza kushuka. Mara nakuona unarudi mbio! Kofia huko, koti huko, eti kuna kondoo kalala chali! Nilikutukana humo ndani, Mungu anisamehe. Nilibonyeza kamera mara moja tu kabla ndege hajaruka, bila hata kulenga vizuri. Kesho yake mayai yameanguliwa.

Filamu nimeipeleka kusafishwa. Ikiwa imeharibika, narudi kufundisha, nawe utafurahi.

Hazel

Bonde la Swale, 28 Mei

Mwanangu Hazel,

Nimefika salama. Suti imekauka, imekuwa fupi.

Naomba radhi, mama. Lakini kondoo akilala chali na manyoya mazito yamelowa mvua, hawezi kujiinua. Tumbo linajaa hewa, anakufa huku unamtazama. Mchungaji hampiti kondoo wa namna hiyo, hata awe wa jirani, hata awe wa adui. Miguu yangu iligeuka kabla sijaiuliza.

Ila umekosea jambo moja. Sitafurahi. Nilidhani ningefurahi. Mle kibandani ndege alipoita ulinikamata mkono, uso wako umewaka, nikajisemea, kumbe mtoto huyu yuko hai hivi. Darasani hukuwahi kuwa hivyo. Kila Ijumaa ulikuja nyumbani umenyauka. Usirudi huko. Kama pesa ndiyo tatizo, nitauza dume langu la kondoo.

Ikitoka hiyo picha niandikie haraka, nzuri au mbaya.

Baba yako

Bonde la Tees, 15 Juni

Baba yangu mpenzi mpenzi,

Shikamoo tena na tena! Usiuze dume!

Imo humu kwenye bahasha, itazame. Sululu yuko pale pale juu ya kiota, mbawa hajazikunja, kila unyoya unaonekana. Nyuma yake, ndani ya mvua, mzee asiye na kofia amemkumbatia kondoo, anamsimamisha. Alitua ingawa ulikuwa pale, baba! Mama Raine anasema ndege wa huku wamekua na wachungaji. Mchapishaji kanipigia simu kwenye duka la kijijini, kasema picha za sululu pekee anazo tele, hii hana. Inakwenda kwenye jalada la kitabu.

Umetoka vibaya, suruali imekwama kwenye viatu. Samahani.

Hazel wako

Bonde la Swale, 19 Juni

Mwanangu,

Suruali nimeiona, na kijiji kizima kimeiona, maana picha niliipeleka baa. Waliicheka sana. Halafu mmoja akaishika muda mrefu, akaacha kucheka, akauliza ni nani aliyepiga picha kama hii.

Nikamwambia ni binti yangu Hazel, mpiga picha za ndege. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo, nikaliona tamu, nikawanunulia wote bia ili nilirudie.

Baba yako