Meza ya Jumanne

Sudbury, Ontario
Jumapili, mwishoni mwa Machi

Kwako Nereida, comadre wangu, mama wa ubatizo wa mwanangu Ulises,

Salamu nyingi zikufikie huko Hermosillo, ambako najua jua limeshaanza kuwachoma, wakati hapa kwetu theluji bado inafika magotini. U hali gani? Mgongo wako je, uliokusumbua tangu ulipoteleza kule mgodini? Mama yako anaendeleaje na macho? Mimi ni mzima, ila mikono imekauka kwa vumbi la mawe. Ulises anakusalimu. Amerefuka, siku hizi ananitazama kwa juu, na bado anajifunika lile blanketi ulilomletea, ingawa ukimuuliza atakataa katakata.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu. Tumezoea kuandikiana kwenye kundi letu la simu, pamoja na wenzetu wa Lima, Antofagasta na Val-d'Or. Lakini kule kila neno linasomwa na wote, na haya ni yako peke yako. Tafadhali kaa chini uyasome polepole.

Niwie radhi nikianzia mbali. Unaukumbuka mwaka wa kwanza tulipokwenda kwenye mkutano wa madini Toronto? Hakuna aliyetualika kwenye karamu hata moja. Wanaume walipeana kadi na kupigana mabega, na sisi tumeegemea ukuta na vikombe vyetu utadhani tumekuja kuosha vyombo. Ukaniambia, "Oralia, hawa hawatuiti leo wala kesho. Tuweke meza yetu wenyewe." Jumanne asubuhi tukakaa kwenye mgahawa wa hoteli ile ya bei nafuu, wanawake wachache wa jiolojia tuliookotana kwenye foleni ya kahawa, kila mmoja na nchi yake. Ndiyo ikawa Meza ya Jumanne. Na sheria yake uliitunga wewe, si mimi. Anayeleta mgeni husimama, humtaja jina, kisha husema jambo moja aliloliona kwa macho yake mgeni huyo akilifanya. Sifa za kusikia hazipokelewi. Na ukishamsimamia mtu pale mezani, umemsimamia kila mahali. Ikipigwa simu kuulizia habari zake, unajibu siku hiyohiyo.

Unajua kwa nini uliweka hilo la siku hiyohiyo. Sisi watu wa mawe hatusemani vibaya. Mwenye kazi akiyataka maoni ya mtu mliyelala naye kambi moja, anampigia bila kukuambia. Akijibiwa upesi, mambo yamekwisha. Akikaliwa kimya, naye anaelewa, hasubiri kuambiwa zaidi. Kimya kimewanyima watu wetu kazi nyingi kuliko matusi.

Mimi ile sheria niliishika. Walipotaka kukupa nafasi hiyo uliyo nayo sasa, walinipigia siku ya matanga ya mama yangu. Nilikuwa jikoni kwetu Zacatecas, birika la kahawa mkononi, wazee wanasali sebuleni. Nikatoka uani, nikazungumza nao mpaka dada zangu wakaja kunitafuta wakidhani nimezimia. Niliwaeleza jinsi ulivyouona ule ufa kwenye handaki na kuwatoa watu wote kabla halijaporomoka. Wewe hujawahi kuniuliza nilikuwa wapi niliposema maneno hayo, na mimi sikukuambia, kwa kuwa sikuona kama ni deni.

Basi twende kwenye habari zenyewe. Unajua miaka niliyokaa hapa nikisaga mawe ya watu maabara, niwapelekee unga wao wakausome wao, wanaoitwa wanajiolojia. Mwezi wa Novemba Bwana Haapala, yule mzee wa Kifini mwenye kampuni ndogo ya utafutaji, aliniita. Alinionyesha ramani zake, tukabishana juu yazo mchana kutwa, na mwisho akanionyesha na dirisha ambalo meza yangu ingekaa chini yake. Alisema amebakiza kuongea na watu watatu tu wanaonijua. Nereida, nilirudi nyumbani nikampikia Ulises tamale za mahindi kana kwamba ni Krismasi. Nikamwambia, "Mama yako ataanza kwenda porini tena." Kwa umri wangu nilijua nafasi nyingine haitakuja, na mapafu yangu nayo yalikuwa yanajua.

Ivonne alinipigia kutoka Antofagasta kunitania kwamba amenisifu mpaka mate yamemkauka, sasa nimtumie maji. Yule wa Val-d'Or naye akaniarifu. Wa tatu sikumsikia. Disemba ikaisha. Bwana Haapala nilikutana naye nje ya duka la mikate, akavua kofia, baridi ile, nikajua hapohapo. Aliniambia nafasi imekwenda kwa mtu mwingine. Alisema wa tatu, ambaye ndiye aliyenijua zaidi, hakumjibu kitu juu yangu, na yeye ni mzee, hawezi kupuuza kimya cha namna hiyo.

Na unajua nilifanya nini? Nilikutetea. Nilisimama kwenye barafu nikamwambia huyo mtu namfahamu, bila shaka yuko milimani, simu hazishiki huko, ni dada yangu yule. Akanitazama kwa huruma ambayo wakati ule sikuielewa.

Wiki haikupita, ujumbe wako ukaja. Maneno matamu, picha ya maua, na ombi: binti wa mdogo wako, Danira, anakuja Sudbury kuanza kazi, nimpokee, nimtafutie koti, nimjulishe kwa watu. Kazi gani, hukusema, nami nilidhani ni ya chuo. Nilimpokea kituo cha basi akiwa na viatu vya kitambaa, maskini. Nilimpa koti langu zuri na chumba cha Ulises, na Ulises akahamia kwenye kochi bila kunung'unika kwa sababu mgeni ni wako.

Usiku uleule, maharage mdomoni, mtoto akaanza kuongea. Ana mdomo kama wako wa zamani. Alisema, "Anti, mama mkubwa alinipigania! Aliongea na Bwana Haapala saa nzima, ilikuwa Disemba, wiki ya sikukuu ya Guadalupe, nimekaa pembeni namsikia." Kisha akacheka. Akasema mzee huyo alikuwa king'ang'anizi, alimuuliza mara mbili juu ya mwanamke fulani wa hukuhuku, na mama mkubwa akamjibu kwamba hilo wataongea siku nyingine. Danira alikuuliza huyo mwanamke ni nani. Ukamwambia, "Ah, mtu wa zamani tu."

Niliinuka nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Danira hajui mpaka leo. Hukufikiria kwamba atalala kwangu na atasema, kwa sababu ulishazoea kwamba kwangu kuna kitanda kila wakati. Hapo ndipo uliponikata maini. Si kwamba ulimpenda mwanao kuliko mimi, hilo hata ng'ombe anafanya. Ungeniambia tu: Oralia, namtaka mtoto wangu apate, jitoe. Ningelia, na pengine ningejitoa. Lakini ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na maua juu yake.

Majuzi Jumanne wenzetu walikutana Toronto kama kawaida. Mimi sikwenda, nilisema nina mafua. Nilisikia ulisimama ukazungumza vizuri juu ya sisi kushikana mikono kuvuka mipaka, na kwamba baadhi walitokwa na machozi. Hongera.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Ijumaa asubuhi Bwana Haapala alinipigia. Barafu ikiyeyuka anataka kumpeleka Danira kambi ya kaskazini, na wanaume wake wananung'unika kwamba ni mtoto, hataweza, bora arudishwe kwao kabla kipindi cha majaribio hakijaisha. Alisema mimi ndiye ninayeishi naye. Kisha akasema kwamba nikipenda kunyamaza atanielewa, na hatanilaumu.

Nereida, nilikuwa na kikombe cha chai mbele yangu. Sikuhitaji kusema uongo. Sikuhitaji kusema neno lolote. Ningemwambia tu tutaongea siku nyingine, maneno yako mwenyewe, na binti yenu angekuwa kwenye ndege wiki ijayo. Siwezi kukuficha kwamba nililionja hilo mdomoni, na lilikuwa tamu.

Nikamwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kwamba Jumapili moja tulikuwa tunatembea kando ya barabara ya ziwani, Danira akapiga magoti kwenye theluji, akaupangusa mwamba kwa mkono mtupu, akanionyesha mshipa wa madini ambao mimi nimeupita miaka yote hii. Nilimwambia binti huyu anaona, na baridi haimtishi. Ampeleke.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kazi ni yake. Ataendelea kulala kwangu mpaka asafiri. Ulises sitamwambia kitu, akupende tu, mtoto anahitaji mama wa ubatizo. Machi ijayo kiti changu pale mezani mpe Danira. Nimeshamsimamia, na mimi sirudi tena. Mpe mama yako salamu zangu za dhati, umwambie maombi yangu juu ya macho yake sijayaacha. Mungu akuzidishie afya ya mgongo.

Yaliyobaki ni haya tu, kama labda hukuwahi kupata nafasi ya kujua: kumjibia mtu hakuchukui muda. Nilipokata simu, chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Ni mimi,
Oralia Bermúdez,
mtu wa zamani