Kiti cha Mbele kwenye Muziki wa Hadassa

Bulengera, Butembo
Jumapili, 11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Phinées,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na mama Sophie, pamoja na waumini wote unaowachunga huko Kisangani. Natumaini ile malaria iliyokulaza wakati wa Noeli imeisha kabisa. Je, bado unakwenda kuhubiri kwa baiskeli? Kwa umri wetu ungewaachia vijana.

Mimi bado nipo, namshukuru Mungu, lakini sitakuficha hali yangu. Miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi uani nahema kama niliyepanda vilima vya kwetu Kipese. Daktari aliongea nami kama mtu mzima anavyoongea na mtu mzima mwenzake: moyo umechoka, dawa zinausindikiza tu. Mke wa mwanangu, Bénite, ananitunza vizuri, isipokuwa ananipikia sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi na kunisimamia mpaka nimalize.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu, kila ninapotaja jina la binti yako Hadassa, mtandao wako unakatika. Karatasi haikatiki.

Ndugu yangu, nina jambo la kuungama kabla sijaondoka. Tangu ulipomwambia Hadassa asiingie nyumbani kwako na lile gitaa, umekuwa ukiniuliza, bila kumtaja jina, anafanya nini huku Butembo. Nami nilikujibu kwamba ni mzima, anauza vitenge sokoni, na anakuja ibadani. Yote ni kweli. Nilichokuficha ni kwamba nikitoka ibadani mchana naenda kumsikiliza akipiga muziki na kikundi chake. Si mara moja. Nimekwenda kila waliponialika, na waliposahau kunialika nilikwenda pia. Mimi, shemasi, mkuu wa shule mstaafu, niliyewafukuza wanafunzi darasani kwa kupiga mluzi! Sikuombi msamaha kwa kwenda. Nakuomba msamaha kwa kukuficha.

Acha nikueleze siku ya kwanza, ucheke kidogo. Nilisikia wanapiga katika uwanja mmoja hapa karibu, nikapita nikiwa na koti langu la ibada na Biblia mkononi. Nilipoingia getini, muziki ukakatika. Mpiga ngoma akaisukuma chupa yake nyuma ya spika kwa mguu. Msichana mmoja mwenye mikrofoni, Nadège, ndiye anayeandaa mambo yao, akanijia mbio, akiniita shemasi kwa Kifaransa.

“Papa Diacre, karibu. Mais, balikutuma kutufunga?”

“Hapana. Nimekuja kusikiliza.”

“Kusikiliza nini, papa?”

“Muziki. Hamupigi muziki hapa?”

Hakuniamini. Unajua desturi yetu: mzee akitokea mahali amevaa koti, lazima awekwe mbele, aombe, kisha atoe neno. Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kitenge, mbele kabisa, nikaomba, vijana wakavua kofia. Halafu, kwa kunifurahisha, wakaanza kupiga wimbo wa kitabu chetu cha nyimbo, polepole, kama watu wanaobeba jeneza. Nilivumilia ubeti mmoja. Nikawaambia huo wimbo naujua tangu utoto na wanauharibu, wapige za kwao. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, “Vieux iko chaud!” yaani mzee yuko moto, na uwanja wote ukacheka. Nami nilicheka, Phinées. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nimzike mke wangu.

Najua unachoogopa, na sikulaumu. Wewe ni mchungaji, una binti mmoja, na umewazika wasichana walioharibikiwa kwenye baa. Hata mimi nilikwenda nikiwa na hofu hiyo hiyo. Upande wa nyuma wanauza soda, na bia pia, sitakudanganya tena. Lakini vijana hawa nimewatazama. Wanatunga wenyewe, wanajirekodi wenyewe katika chumba walichobandika magodoro ukutani, na hakuna mkubwa aliye nyuma yao. Hawataji majina ya matajiri ndani ya wimbo ili wapewe kitu, kama tunavyosikia redioni. Wanaimba juu ya barabara yetu mbovu, juu ya mashamba ya kakao yaliyoachwa, juu ya jirani aliyekimbia na hajarudi. Watu husikiliza kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata darasani.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Desemba iliyopita walikwenda Beni, kwenye tamasha la vikundi vya namna hii. Niliposema naenda nao, Bénite aliweka mikono kiunoni.

“Papa, na huo moyo? Ukitufia kule Beni, nani atakuleta?”

“Watanileta pamoja na spika zao.”

Alikasirika siku nzima, kisha akanifungia chai kwenye chupa.

Tamasha lilikuwa katika uwanja wa shule. Walianza adhuhuri ili kila mtu awe amefika kwake kabla ya giza, maana usalama wa Beni unaujua. Joto lilinishinda, nikavua koti mbele za watu. Hata askari waliokuwa getini walitikisa vichwa kufuata mdundo, mmoja akimwomba Nadège wimbo aliousikia kwenye simu. Nilibaki kwanza ndani ya gari kupumzika, kwa hiyo nilichelewa kuingia. Watu walikuwa wamesimama hadi ukutani. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, pale mbele, kimefungwa kitambaa cha kitenge.

Bwana mmoja wa ofisi, amevaa tai, alikuwa anakishika akae. Nikamsikia Nadège akimwambia, “Samahani, chef, hapa hapana. Hii ni kiti ya papa ya Hadassa. Anaiwekaka kila mara.”

Kile ndicho kiti nilichokuwa nakalia tangu siku ya kwanza. Kila walikopiga kilikuwa na kitenge kilekile, nami nilidhani kimewekwa kwa ajili ya mvi zangu. Kwetu mzee haulizi kwa nini amepewa kiti cha mbele. Anakaa tu. Kumbe nilikuwa nimekalia kiti chako.

Nadège aliponiona akaniita nikae. Nikakataa. Nikamuuliza kwa nini waliniacha nikikalie muda wote huo.

“Hadassa alisema baba mukubwa ni baba,” akanijibu. “Alisema wewe na papa yake munakaaka sawasawa, mikono ku magoti. Akiwa kule juu anafunga macho kidogo, anaona ni yeye.”

“Na siku baba yake akija?”

“Utamupisha, papa.”

Basi nikakaa, maana miguu haikuniachia nafasi ya kubishana. Masikio yangu yamepungua, lakini nikiwa karibu na spika nasikia kwa kifua na kwa miguu ya kiti. Hadassa alipanda na gitaa lake, akaimba wimbo ambao sikuwa nimeusikia. Ni juu ya mtu anayesukuma baiskeli mlimani kutoka Kipese, imebeba gunia la viazi, na juu ya gunia amekaa mtoto. Mtoto anaona jasho shingoni mwa baba yake, anataka kushuka apunguze uzito, baba anakataa. Mwisho mtoto ndiye anayeona mji kwanza, kwa kuwa yuko juu, anamwambia: Baba, pumzika, tumefika. Maneno hayo watu wote waliyashika, wakayaimba naye tena na tena, hata yule bwana wa tai. Hakutaja jina lako. Lakini mimi nimeitembea njia ile nyuma yako nikilinda gunia lisianguke, na namjua mtoto aliyekuwa juu.

Wewe unadhani alichukua gitaa akaondoka kwako. Mimi nimemwona akiondoka kila Jumapili na kiti chako, amekifunga kwenye pikipiki pamoja na spika.

Ndugu yangu, Jumamosi baada ya Pasaka watapiga hapa Bulengera, alasiri, si usiku. Panda ndege ushuke Beni, vijana watakuja kukuchukua. Najua utakuja kwenye kilio changu, hilo sina shaka nalo. Lakini siku hiyo utamkuta Hadassa katikati ya wanawake, amejifunga kichwa, analia. Hiyo si sauti yake. Mimi nataka uje kabla, au uje hata kama nimetangulia, usikie sauti aliyokuwa nayo muda wote tuliokuwa tunaizungumzia bila kuisikiliza. Si lazima uupende muziki. Si lazima useme neno. Ukae tu, uweke mikono magotini. Yeye akifungua macho, atajua.

Nisalimie sana mama Sophie, naamini atakufungia mzigo kabla hujamaliza kusoma. Msalimu mwanao Gamaliel na watoto wake, na wazee wa kanisa lako. Bénite anakusalimu, anasema ukija utaletewa sombe yenye chumvi. Hadassa hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake sina. Kitenge cha kwenye kiti ni cha rangi ya kijani.

Mungu akulinde njiani, akupe pumzi ya kupanda mlima wa mwisho, na akufikishe mahali unapongojwa. Nikiwa bado nipo siku hiyo, nitasimama nikupishe, hata kama ni kwa kushikwa mikono huku na huku. Nisipokuwepo, usisite ukidhani kile kiti ni cha mtu mwingine. Nilikuwa nakutunzia.

Kaka yako anayekupenda hata leo,

Zorobabel