Husuda Haikutoka kwa Mama Zakayo

Rexdale, Toronto
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa kitako, umeshakunywa chai yako na magoti hayakusumbui. Baridi ya mlimani inasemaje mwaka huu? Tangawizi mmeshavuna? Sisi huku tuzima. Joeli yuko kwenye kazi yake ileile ya ghala karibu na uwanja wa ndege, watoto wanasoma, na mimi bado niko nyumba ya wazee, naogesha, nalisha, nageuza. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara yetu hii ya Kipling ni tope tupu.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu na nyumba nzima inasikiliza. Haya ninayoandika si ya nyumba nzima. Barua naipeleka kwa mkono wa mama mmoja wa kanisani kwetu hapa anayekuja Same kumwona baba yake, nimeifunga kwa gundi na juu yake nimebandika plasta ya hospitali. Isome mwenyewe kwa miwani yako. Usimpe Kaka Mbazi akusomee, nakuomba sana.

Ulinipigia wiki iliyopita ukaniambia kwamba kikao kijacho cha akina mama wa kanisa utasimama umtaje Mama Zakayo mbele ya watu. Mwaka mzima sasa humsalimii. Unasema ndiye aliyemfunga Penda njia, kwa kuwa ulipomweleza habari za usaili wa mdogo wangu aliuliza maswali mengi mno, anakwenda lini, anapita wapi, atavaa nini, na haikupita wiki mbili Penda akaanguka kwenye usaili huo. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika ukasema halo, halo. Mtandao haukukatika. Husuda ilikuwepo, Mama, hapo hukukosea. Ila haikutoka kwa jirani. Imetoka kwangu mimi Nakijwa, mwanao wa kwanza.

Nianze mwanzo, maana najua Penda alikueleza juujuu. Jeshi la Marekani lina mafunzo yake ya kufundisha wauguzi kutoa nusu kaputi, kazi ileile niliyokuwa nafanya mimi hospitali ya wilaya. Si lazima uwe askari kwanza. Raia wa kawaida, awe muuguzi aliyefanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi kama Penda, anaruhusiwa kuomba. Akipita mitihani, mbio na usaili ndipo anakula kiapo, anapewa cheo cha ofisa, na anasoma huku anapokea mshahara. Sasa weka hilo upande mmoja. Upande mwingine niweke mimi, niliyelaza watu miaka tisa na umeme unakatika katikati ya upasuaji, mkono mmoja kwenye taya ya mgonjwa na mwingine kwenye mshipa. Huku Canada usingizi wanatoa madaktari, muuguzi haruhusiwi. Cheti changu kiko juu ya kabati la nguo, kwenye bahasha, kinalala usingizi ambao hakuna wa kukiamsha.

Na ile bahati nasibu ya Green Card iliyompeleka Penda Marekani, unakumbuka nani alijaza fomu? Mimi. Siku moja, meza moja, kalamu moja, yangu na yake. Yake ikatoka, na leo ameshakuwa raia wa kule. Mimi nikaja huku baadaye kwa mgongo wa mume. Nilisema ni mapenzi ya Mungu na nikapika pilau ya kumuaga, lakini kile kidonda hakikufunga, nilikivalisha nguo tu.

Basi mwaka juzi akaanza maandalizi. Kila Ijumaa anapanda basi kutoka kwake Buffalo, upande wa Marekani, anavuka mpaka, anakuja kwangu hadi Jumapili, maana alisema, "Dada, mwalimu ninaye nyumbani, nitafute mwingine wa nini?" Mwanzoni nilimfundisha kwa moyo mweupe. Dawa zote, vipimo, nini cha kufanya presha ikishuka, nini mgonjwa akitapika. Nilimpikia makande kila Jumamosi.

Lakini Mama, nyumba yangu ilihama ikamfuata yeye. Asubuhi anatoka kukimbia kwenye theluji kuzunguka maghorofa yetu, na Joeli, mwanaume ambaye mimi sijawahi kumtoa kitandani siku ya mapumziko, anamsindikiza na saa mkononi kumhesabia dakika. Akirudi anapiga pushapu sebuleni na watoto wamempanda mgongoni. Mimi nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Mama yao mdogo akisema "mezani" wanajibu "tunakuja" kama wamezaliwa Usangi. Halafu Joeli ananiambia, tena kwa nia njema, "Ona mdogo wako, hana hata kitambi." Nilimwangalia nikaendelea kumenya vitunguu.

Kilichonimaliza ni kanisani. Mchungaji alimwita Penda mbele, wakamwekea mikono, wakamwombea "binti yetu anayekwenda kulaza majeruhi vitani". Mimi nimeimba kwaya ile miaka minne na wengine bado wananiita mke wa Joeli. Dada mmoja akanigeukia, "Wewe nawe si ulikuwa nesi nyumbani?" Nilikuwa, nikamjibu.

Jumamosi iliyofuata tulifanya zoezi la kushika barakoa ya hewa. Nilikata kitako cha chupa ya soda kiwe ndiyo barakoa, Joeli akalala kwenye zulia awe mgonjwa. Kwenye hospitali ya Penda kazi hii ina watu wake maalumu, kwa hiyo mkono wake ulikuwa mgeni. Sasa sikiliza, nikueleze kama nilivyokuwa naeleza wanafunzi. Mtu aliyelala, ulimi unaangukia nyuma. Vidole vya mkono wa kushoto lazima vishike mfupa wa taya viunyanyue. Ukivibonyeza kwenye nyama laini chini ya kidevu unausukuma ulimi, unaziba njia ya hewa. Mtu mzima huenda akavumilia. Mtoto mdogo hapati hewa.

Penda alibonyeza nyama. Akainua macho, akaniuliza, "Dada, ni hivi?"

Nikamwambia, "Hivyohivyo. Vizuri sana."

Joeli akakohoa pale chini. "Mbona kama ananikaba?"

"Mgonjwa wa nusu kaputi haongei," nikamwambia, na wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Wala sikuteleza siku moja tu. Tulilirudia zoezi lile Jumamosi nne, na kila Jumamosi nilisema vizuri sana. Mkono ukishazoea hauulizi tena, nami nilijua hivyo, ndiyo kazi niliyosomea.

Akaenda usaili, huko kusini kwenye hospitali yao ya jeshi. Maswali yote alijibu, na dawa nilizomfundisha alizitaja moja baada ya nyingine. Halafu wakamwingiza chumba chenye sanamu la mtoto la kufundishia, wakamwambia ampe hewa. Kifua hakikupanda. Akabonyeza zaidi, hakikupanda. Mama mmoja ofisa, mwenye mvi, akamuuliza ni nani aliyemfundisha kushika namna ile. Penda badala ya kujitetea akanitetea mimi. Akasema, "Ni dada yangu. Amelaza watu miaka tisa nyumbani kwetu, na hajapoteza mtoto kwa kukosa hewa." Yule mama akamwambia, "Basi dada yako alikuwa na bahati." Wakamwambia arudi mwaka unaofuata mikono yake ikiwa tayari.

Alinipigia niko kituo cha basi, natoka kazini. Alikuwa analia. Unajua alisema nini? "Dada, nisamehe, nimekuaibisha. Nitakuwa nilikuelewa vibaya."

Sitakuficha. Kwanza nilifurahi. Nilisimama pale na mfuko wangu wa kazi na furaha ikanipanda mwilini kama chai ya moto, nikasema pole, pole mdogo wangu, na uso wangu unacheka. Basi likaja, nikakaa, ndipo lile neno likaanza kuniuma. Bahati. Miaka tisa ya mikono hii, mtu anaiita bahati. Watoto wale wa tonsili, wale wa ngiri, yule binti wa mwalimu aliyeletwa amegeuka rangi, wote niliwashika taya mimi kwa vidole hivi, nikawarudisha kwa mama zao. Nilitaka nimpigie yule ofisa nimwambie dada yake Penda anajua kushika taya kuliko wewe. Halafu nikaona siwezi. Ningemwambiaje kwamba najua, wakati mwanafunzi wangu hajui? Kitu kimoja tu nilichovuka nacho mpaka kuja huku, jina la mikono yangu, nimelichafua kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye chumba ambacho sitaingia hata kulisafisha. Nililia hadi nikapitiliza kituo.

Wewe ukapiga simu ukasema ni Mama Zakayo. Nami nikaona nafuu, nikaacha iwe hivyo. Hilo nalo ni kosa, la pili.

Penda alirudi Jumamosi moja na begi lake, akaniambia, "Nionyeshe tena, Dada, sijui nilikosea wapi." Nilikuwa nachambua choroko. Nikamwambia hukukosea. Nilikuona unabonyeza nyama, nikakusifia. Akaniuliza, "Uliona?" Nikasema niliona tangu siku ya kwanza. Hakupiga kelele. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akawaaga Joeli na watoto, mimi hakuniaga. Muda mrefu hakupiga simu. Joeli nilimweleza siku hiyohiyo, naye alihamia kochini, na watoto wakawa wananiuliza mama mdogo yuko wapi kwa Kiingereza chao.

Akaja bila taarifa, majira ya joto, watu wanakula mahindi ya kuchoma nje. Hakunisalimia. Akaangalia zulia, akasema, "Lala chini."

"Mimi?"

"Wewe. Leo wewe ndiye mgonjwa. Na ukinidanganya utakosa hewa mwenyewe."

Nikalala, Mama, mtu mzima na khanga yangu, watoto wanachungulia mlangoni. Akaniwekea kitako cha chupa usoni. Nikamwambia toa vidole kwenye nyama, panda kwenye mfupa, kile kidogo kipeleke nyuma kwenye kona ya taya, sasa nyanyua. Akanyanyua, hewa ikapita. Akasema, "Tena." Tulirudia hadi shingo ikaniuma na wala sikuthubutu kulalamika. Kuanzia hapo akaja kila wiki, kiangazi mpaka theluji ikarudi. Alikuwa haongei nami zaidi ya mambo ya taya. Kucheka alianza tena karibu na Krismasi.

Mwezi uliopita akarudi kwenye usaili, mbele ya mama yuleyule mwenye mvi. Jumanne hii amepata jibu. Mama, Penda amepita. Mwanao anakula kiapo mwezi wa sita, atakuwa luteni. Najua utatoka nje ushangilie, nenda, barua itakusubiri.

Habari hii alikuwa akupigie yeye siku ileile, akaiacha. Akaniambia, "Utamwambia wewe, na utamwambia yote, kwenye karatasi moja." Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa, na nimeipokea. Kwa hiyo kabla ya kikao chenu, nakuomba uvuke ua uende kwa Mama Zakayo, usalimie wewe wa kwanza, umwombe radhi. Ukipenda mwambie ni Nakijwa aliyefanya. Nitavumilia kusemwa kijiji kizima, si nimestahili. Na mimi nisamehe, Mama, ila usinisamehe haraka haraka kwenye simu.

Penda anataka nivuke mpaka siku ya kiapo. Jeshini kwao kuna desturi kwamba mtu wa familia ndiye humbandika cheo begani, na amenichagua mimi. Nilipomuuliza kwa nini mimi, akaniuliza kwanza, "Dada, umefurahi?"

Ningesema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia, "Bado. Wivu upo, naamka nao. Nitakuja, lakini bado."

Akacheka kwenye simu, kicheko chake kile cha utotoni. Akasema, "Afadhali. Sasa siku ukiniambia vizuri, nitaamini."

Msalimie Kaka Mbazi na mkewe, mwambie viatu vya mtoto vimo kwenye mzigo huuhuu. Msalimie Shangazi Nakunda mshonaji, nguo ya kiapo naomba anishonee yeye, vipimo nitatuma, aongeze kidogo kiunoni. Mchungaji wetu mzee mpe mkono wangu. Joeli na watoto wanakuamkia shikamoo, na safari hii wameisema kwa Kiswahili bila kulazimishwa.

Mwanao mwenye wivu, anayekupenda,
Nakijwa