Mkono Usiotoka Siniani

Langoni, Amu
11 Januari 2025

Ndugu yangu Mohdhar,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Hali yako siiulizi, maana utaniandikia "mzima", na uzima wenyewe umeutapika nyuma ya nyumba. Wifi Hindu kaniambia. Usimgombeze.

Nakuandikia kwa sababu kila nikipiga simu na kulitaja tumbo, unakata. Haya, ikate na karatasi.

Daktari Hadia alikueleza mbele yangu, nawe ukawa unatazama feni. Nakueleza tena. Kuna neva inaitwa vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inashuka shingoni, inapita kifuani, inafika tumboni. Ndiyo inayoliambia tumbo: saga, sukuma, sasa pumzika. Sukari uliyoifuga mwilini miaka yote hii imeila neva hiyo polepole. Tumbo lisipopata amri, hukaa na chakula kama mpangaji aliyekataa kuhama. Ndiyo maana unashiba kwa matonge mawili, na asubuhi unatapika wali wa jana. Na ndiyo maana, hili lisikilize, ukidunga insulini ukala, dawa inafika damuni na chakula bado kimekaa pale pale. Sukari inaanguka, nawe unaanguka nayo.

Umemeza vidonge vya vidonda vya tumbo kwa kuwa muuza dawa alikutazama usoni akaamua. Umekunywa kombe la aya zilizooshwa, umeumikwa kwa pembe mgongo mzima, umekatazwa kunde, pweza na hasira. Sina ugomvi na dua. Mimi mwenyewe nakuombea. Ugomvi wangu ni kwamba Siyu nzima kila mwenye ulimi ni tabibu, ila yule aliyesomea.

Njoo Amu upimwe, upangiwe upya dawa, kabla ya harusi ya mwanao Israa.

Dadako,
Lubna


Siyu
19 Januari 2025

Dada yangu Lubna,

Waalaikumu salamu. Hindu anakusalimu, na nimemgombeza.

Neva nimeisikia. Unaiandika kana kwamba mimi ndiye niliyeitafuna. Nitakuja nikishamwoza mwanangu, si kabla. Unajua ukoo wetu ulivyo. Kwenye walima, karamu ya harusi, mimi na Bwana Barka, babake bwana harusi Fawaz, tutakula sinia moja mbele ya wanaume wote. Babake bibi harusi akiondoa mkono kwanza, basi mahari hayakumridhisha, na mtoto wake ataishi na neno hilo kwa wakwe mpaka azeeke. Niwaambie nini? "Samahanini mabwana, tumbo langu halipati amri"? Watacheka wasikike Pate.

Ni siku moja tu, nitakula. Na kwa kuwa pilau itakuwa nyingi, nitadunga na dawa zaidi kidogo. Nimeyafikiria yote.

Nduguyo,
Mohdhar


Langoni
25 Januari 2025

Mohdhar,

Assalamu alaikum, na salamu ziishie hapo.

Umeyafikiria yote! Chakula hakiendi popote, nawe unakiongezea dawa ya kukingoja huko kisikofika. Mtu akitaka kujiua kwa adabu, hakuna mpango mzuri kuliko huu wako. Nimesoma vitabu vya watu wajinga wa kila nchi, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kuogopa kuondoa mkono kwenye wali.

Israa alikuja Amu juzi kununua nguo za harusi, akapita jikoni kwangu. Nilimuuliza. Akasema, "Shangazi, mimi namtaka baba. Hilo sinia wampe mbuzi." Basi huyo unayemlinda hataki kulindwa hivyo. Unamlinda nani?

Usipowaambia wewe, nitakuja nisimame mlangoni kwa wanaume niseme mwenyewe.

Lubna, dada yako, maadamu ungali na dada


Siyu
29 Januari 2025

Dada,

Salamu. Ukisimama kwenye mlango ule, mimi na wewe basi.

Mohdhar


Siyu
17 Februari 2025

Dada yangu Lubna,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, na safari hii si uongo. Harusi uliisusa, na Israa alilia kwa ajili yako, lakini hilo tutaligombania ana kwa ana. Najua umeshasikia mengi. Sikurogwa.

Nilidunga, nikaketi. Nikala, Barka naye akala. Nikimsogezea nyama, ananirudishia. Moyoni nasema, huyu mtu hashibi? Mara jasho likanitoka, vidole vikatetemeka, nikawaona akina Barka wawili. Nikaangukia wali. Watu wakaanza kunisomea, mmoja anamuuliza jini jina lake. Barka akapiga ukelele: "Mwacheni jini! Sukari imemshuka huyu! Leteni asali!" Akanipaka ufizini, na alipoona bado nameza, akaninywesha sharubati funda kwa funda mpaka nikajua niko wapi.

Kisha akaniinamia. "Na wewe pia?"

"Na mimi pia nini?"

"Tumbo."

Dada, kumbe ana sukari kunizidi mimi, na anatapika kama mimi, nyuma ya nyumba vile vile. "Bwana, nilikuwa nakusubiri wewe uondoe mkono," akaniambia. "Mimi ni upande wa bwana harusi. Ningeondoa kabla yako, wangesema nimekidharau chakula chenu. Nikawa nakula huku nakulaani."

Akasimama akawaambia wanaume wote, ugonjwa wangu na wake. Hakuna aliyecheka. Wazee kadhaa wakaondoa mikono kwa pamoja, kama watoto waliofunguliwa chuo cha Kurani. Israa yuko kwa mumewe, na la mahari hakuna aliyelisema.

Wiki ijayo tunakuja wote wawili kupimwa, inshallah. Lakini mwenzangu ana ombi. Nyumbani kwake wanamheshimu mno, hakuna anayethubutu kumgombeza, ndiyo maana amefika alipofika. Nimemsomea barua zako. Anaomba naye umwandikie.

Nduguyo,
Mohdhar


Langoni
20 Februari 2025

Bwana Barka,

Assalamu alaikum. Hatujuani. Kaa kitako.

Wewe uliyeijua asali, uliyemjua mgonjwa kwa kumtazama tu, ulikaa mbele ya sinia lile lile ukijiua polepole kwa ajili ya heshima ya ndugu yangu, naye anajiua kwa ajili ya yako! Sijui nikushukuru au nikupige kwa kiatu. Nimeamua yote mawili, na naanza na kiatu.

Dadako, utake usitake,
Lubna