Matundu Mawili ya Birika

Uingereza, Februari 1957

Kwa Papa mpendwa, kijijini Kibabi,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwenu, tangu mlangoni hadi jikoni kwa Mama. Je, kifua chake kimepoa? Maharage ya upande wa juu yamechanua? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku imenipasua midomo, na masomo ya ualimu yanaendelea. Lakini tangu nilipopata barua yako sijatulia, kwa hiyo niingie moja kwa moja katika lile uliloniuliza.

Uliandika: “Mutoto wangu, mon père amenikataza kufundisha. Anasema nitoshe kufuli ku birika ya batizo, na siku ya Matawi nisimame mbele ya bantu bote niseme nilikosa. Uniulizie kule: Bazungu banafungaka mayi yabo, ao hapana?”

Birika lile ulilichonga kwa mikono yako kutoka jiwe jeusi la mlimani. Uliona maji yaliyobarikiwa Pasaka yakipungua kila wiki, huyu akinyunyizia maharage, yule akimpaka ng'ombe kiwele. Ukaweka mfuniko na kufuli hili analotaka sasa ulitoe, ili mtoto atakayezaliwa padri akiwa safarini asikute jiwe kavu. Na kwa hilo mon père, padri wenu, anakuambia wewe katekista ndiwe unayeamini ulozi kuliko wale wanaochota! Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara hasira imenitangulia kabla ya fikira.

Sasa sikia nilichokiona. Katika kijiji ninachokaa kuna kanisa la kale. Kuta zake, wanasema, zilianzwa yapata miaka mia saba iliyopita, Waingereza walipokuwa bado pamoja na Roma. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba ni jambo la Waprotestanti. Mnara uliongezwa baadaye. Watakatifu waliochorwa ukutani walipakwa chokaa dini ilipogeuka. Vioo vya rangi vilivunjwa. Birika la ubatizo peke yake halikuhama: ni jiwe la pande nane, lenye kina cha kumzamisha mtoto mchanga mwili mzima. Na kwenye mdomo wake, Papa, kuna matundu mawili yanayotazamana. Ndani ya moja bado mna madini ya risasi na kutu ya chuma.

Kasisi wa hapa, mzee mpole, alinionyesha mwenyewe baada ya misa yao. “Hapa palikuwa na kufuli,” alisema kwa fahari. “Watu waliiba maji kwa ajili ya uchawi, maaskofu wakaamuru mabirika yafungwe.” Nilicheka kwa furaha. Nadhani alidhani ninawacheka mababu zake.

Kesho yake nilimwendea nikaomba aniandikie maneno yale yale kwenye karatasi yenye mhuri wa kanisa. Akauliza ni ya nini. Hapo ndipo nilipokosea: nikamweleza yote.

“Binti yangu, hayo yalikuwa mambo ya kale,” alisema. “Siwezi kuandika karatasi ya kutetea ushirikina.”

“Sikuombi utetee kitu. Nakuomba uandike ulichoniambia jana.”

“Jana nilikuwa naeleza historia.”

“Na baba yangu?”

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma. “Baba yako yuko hai,” akasema.

Nimelizungusha jibu lile siku tisa sasa. Kama nimelielewa vema, ukifunga maji kwa kufuli ukafa zamani za kutosha, watu watakuja kulitazama tundu lako wamevua kofia. Ila pengine simtendei haki mzee yule. Huenda aliogopa tu kumwingilia padri asiyemjua.

Nilirudi kanisani na kamba ya kupimia. Aliyenifungulia ni mama mwenye nyumba ninayopanga, mjane ambaye ndiye hufagia mle.

“Unalipima kama fundi cherehani na bwana harusi!” alinitania. “Kasisi akitukuta nitasema umekuja kubatizwa upya.”

Nilipomsimulia habari zako aliguna. “Mimi nalifuta vumbi miaka yote hii. Mfuniko wa siku hizi hauna kufuli, na ndani sipati mchawi. Napata nondo waliokufa.”

Tulicheka, lakini neno lake lilinitia shaka. Tundu moja ni fupi kuliko jingine. Je, kama palikuwa na bawaba tu, ya mfuniko wa kuzuia vumbi? Amri ya maaskofu nimeikuta kweli kitabuni, lakini hakuna mahali nilipoona kanisa hili likitajwa. Na kuna shaka nyingine, nzito zaidi: huenda mon père ana ukweli kidogo, kwamba kufuli lenyewe liliwaambia watu kuwa ndani mna kitu cha kuibwa. Sijui, Papa. Chuo kikuu kilinifunza kuuliza vizuri, kujibu bado.

Kwa hiyo mhuri sina. Nimefunga humu karatasi niliyoilaza juu ya mdomo wa jiwe nikaisugua kwa makaa, pamoja na vipimo vya kila tundu. Mimi nimesoma vitabu, wewe umechonga. Chuma chako ulikishikiza kwa bati la kuyeyusha alilolileta kaka kutoka migodi ya Walikale, bila kufundishwa na mtu, kama fundi wa huku alivyoshikiza chake kwa risasi. Weka kidole chako, uamue wewe.

Mpe Mama salamu zangu zote. Msalimie kaka akirudi kutoka Walikale. Shangazi aliyenipeleka Uganda kusoma. Mama yangu wa ubatizo. Na mzee wa kengele, ambaye najua bado anachelewa.

Nimalizie na alama ya tatu utakayoiona kwenye karatasi. Upande mmoja mdomo wa jiwe umemeguka, pengo la ukubwa wa kiganja. Hapo mtu aling'oa chuma kwa nguvu. Hakuna aliyeandika ni nani wala kwa nini, na jiwe halikupona. Barua hii huenda ikafika baada ya Matawi, na hata ikiwahi, siwezi kukuambia usisimame. Aibu ile utaibeba wewe, mimi niko mbali. Lakini wakikulazimisha kuliondoa kufuli, usikubali walete mtaimbo. Pasha chuma polepole, uache bati liyeyuke na kumwagika lenyewe, kisha uvute kwa mkono wako. Matundu yabaki mazima.

Ni mimi binti yako, niliyebatizwa kwa kibuyu kabla hujapata jiwe,

Anjelina